Inueni godoro kabla ya kutia muhuri: barua ya wazi kuhusu gesti za Mombasa

Kwa wakuu wa Kaunti ya Mombasa mnaotoa leseni za biashara, kwa maafisa wa afya ya umma na wa zimamoto, kwa Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, na kwenu nyinyi wenye gesti na hoteli ndogo za kulala.

Assalamu alaykum, na heshima zenu nyote.

Mimi ni mkaazi wa Lamu. Nilimleta mamangu Mombasa kwa kliniki, tukalala katika gesti moja ya bei ya chini kule kisiwani, na niliyoyaona humo ndiyo yanayonifanya niwaandikie hadharani. Gesti yenyewe siitaji. Nikiitaja itafungwa kwa muda, itapakwa rangi mlangoni, itafunguliwa tena, na nyingine zote zitabaki kama zilivyo. Nataka tuzungumze kuhusu leseni. Ilikuwa imetundikwa ukutani nyuma ya meza ya mapokezi, ina muhuri na mwaka, nami niliisoma kabla ya kulipa. Mgeni akiiona karatasi ile huielewa hivi: kuna mtu wa serikali aliyepanda ngazi hizi, akaingia vyumbani, akaridhika. Ndiyo maana anakubali kutoa pesa.

Niwakumbusheni kwanza ni nani hulala katika nyumba hizi. Zinapotajwa hoteli za Mombasa, mazungumzo hukimbilia Nyali, Bamburi na Shanzu, kwenye ufuo na vidimbwi vya kuogelea. Lakini Majengo, Bondeni, Mwembe Tayari na vichochoro vya nyuma ya Digo Road vimejaa vyumba vya kulala, na wanaovijaza ni watu wengine kabisa. Ni mama kutoka Hola anayesubiri mwanawe atoke thieta. Ni mfanyabiashara aliyekuja kununua mali Marikiti au Kongowea na basi lake ni la kesho. Ni kijana wa Wundanyi aliyeitwa kwa mahojiano ya kazi bandarini. Ni wazee waliokuja harusini, wakakuta nyumba ya harusi imejaa hadi jikoni. Ni baba na mama kutoka bara walioteremka kwenye treni pale Miritini na watoto wao, wamejibana mwaka mzima ili watoto waione bahari.

Na sisi wa Lamu safari yetu mnaijua. Ni boti hadi Mokowe, halafu basi, Witu, Garsen, Malindi, vizuizi vya polisi njiani, na ukiingia Mombasa siku imekwisha. Mgonjwa mwenye kliniki ya saa mbili asubuhi hawezi kutoka Lamu siku hiyo hiyo. Kwake yeye kitanda cha gesti ni sehemu ya matibabu sawa na dawa anazoandikiwa. Akikosa usingizi usiku ule, asubuhi presha iko juu, na daktari anapima mgonjwa mwingine kabisa na yule aliyetoka nyumbani.

Tulilipa shilingi 1,800 kwa usiku, chumba cha vitanda viwili chenye choo na bafu ndani. Pesa zilitangulia kwa simu, kabla hatujaonyeshwa chumba. Picha tulizotumiwa zilikuwa na shuka nyeupe na dirisha pana lenye pazia la buluu. Chumba tulichopewa hakikuwa kile cha kwenye picha.

Jamaa zangu waliposikia malalamiko yangu waliniuliza: kwani kwa elfu moja na mia nane ulitarajia nini? Swali hili limewalinda wenye gesti kwa muda mrefu, kwa hiyo nalijibu. Sikutarajia kiyoyozi. Sikutarajia runinga, wala bahari dirishani, wala mtu wa kunibebea begi. Choo cha kushirikiana na wenzangu ningekikubali. Kelele za muziki wa baa ya chini nilizivumilia, na ile chai ya kiamsha kinywa isiyokuwa na kitafunio sikuitolea neno. Nilichotarajia ni maji, kitanda kisichouma, mlango unaofungwa kwa ndani, hewa, na njia ya kutokea moto ukiwaka. Vitu hivyo haviwi bora zaidi wala duni zaidi kwa kufuata bei. Huwepo au visiwepo, na visipokuwepo chumba hakifai kuuzwa hata kwa shilingi mia.

Nianze na maji. Nilifungua bomba la bafuni likakoroma kidogo, likanyamaza. Kijana wa mapokezi akaniambia maji hutoka alfajiri. Bafuni kulikuwa na ndoo moja isiyo na kifuniko, ina maji nusu, na chini yake umeota utelezi wa kijani. Mama alikuwa amekaa kwenye basi tangu asubuhi, ana vumbi, anataka kuoga, anataka kutawadha aswali. Nikauliza mtungi. Nikaambiwa mtungi wa lita 20 ni shilingi 50, na nijipandishie mwenyewe ngazini. Nje pale mlangoni mwenye mkokoteni alikuwa akiuza mtungi huo huo kwa nusu ya bei hiyo. Alfajiri bomba likatoa maji kweli, ya kisima, ya chumvi, sabuni haitoi povu na nywele zinabaki zimekakamaa. Yalitoka kwa muda mfupi, yakakatika mama akiwa na sabuni mwilini.

Najua shida ya maji ya Mombasa haikuanzia gesti ile. Kisiwa hiki hakina mto. Maji yake matamu hutoka Mzima huko Taita Taveta, Baricho huko Kilifi, na Marere na Tiwi huko Kwale. Yote ni ya kuletwa kwa bomba kutoka kwa majirani, na watu wamekuwa wengi kuliko mabomba. Bwawa la Mwache linajengwa Kwale, na Mungu alijaalie likamilike. Lakini hali hii si ya jana. Kila mwenye nyumba wa Mombasa anaijua tangu utotoni, na kwa sababu anaijua huweka tangi, au pipa, au walau madumu yaliyojazwa siku ya mgao. Anayefungua nyumba ya kulaza wageni bila tangi, kisha akawauzia wageni maji ya kuogea kwa bei maradufu, ameigeuza shida ya mji kuwa mtaji.

Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri mashuhuri wa Morocco, alipita hapa akielekea Kilwa, akalala Mombasa usiku mmoja tu. Katika machache aliyoyaeleza kuhusu kisiwa hiki ni misikiti ya mbao iliyojengwa imara, na visima milangoni mwake, na chombo cha mti cha kutekea, na jinsi watu walivyoosha miguu na kuipangusa kabla ya kuingia. Alikuwa msafiri wa kulala na kuondoka, kama walivyo wageni wa gesti, na habari aliyoondoka nayo ni ya maji mlangoni. Karibu miaka mia saba imepita. Mabomba yamekuja, pampu zimekuja, matangi ya plastiki yanauzwa kila mtaa.

Sasa kitanda, na hapa naomba mnisikilize kwa makini.

Mama alilala mapema. Usiku wa manane akaniita kwa sauti ya chini, kana kwamba yeye ndiye aliyekosa: "Mwanangu, hapa hapalaliki." Nikawasha tochi ya simu. Shingoni na mikononi alikuwa na mabaka mekundu yaliyojipanga mstari. Nikainua shuka pembeni, pale mshono wa godoro unapoungana na kitambaa cha ubavuni, nikaona vidoa vidogo vyeusi, maganda makavu, na kunguni wenyewe, wamevimba damu, wanaukimbia mwanga na kuingia kwenye ufa wa ubao wa kichwani. Nikainua na godoro lenyewe. Kwenye chaga za kitanda kulikuwa na michirizi myeupe ya dawa ya unga. Unga ule uliniuma kuliko kunguni, kwa sababu maana yake ni moja: kuna mtu aliyejua.

Sitaki kumwonea mtu. Kunguni si dalili ya umaskini wala ya uchafu. Husafiri kwenye mabegi na mikunjo ya nguo, na huingia hata katika hoteli kubwa. Hajulikani kuambukiza ugonjwa wowote. Gesti inayopokea wasafiri kila siku itampata tu, mwenye gesti apende asipende, na sidai leseni inyang'anywe kwa sababu ya mdudu. Ninachodai ni kazi inayofuata baada ya kumwona. Kunguni huweza kukaa miezi bila kula, kwa hiyo kukifunga chumba wiki moja hakumuui. Wengi wao wameshazizoea dawa za kupuliza, na ukimpulizia ovyo huhamia chumba cha jirani. Kinachommaliza yeye na mayai yake ni joto. Shuka, foronya na mapazia hufuliwa kwa maji ya nyuzi 60 au zaidi. Kitanda hufunguliwa kipande kipande, nyufa zikapitishwa mvuke au maji yanayochemka. Godoro huvalishwa mfuko wa zipu unaoziba kabisa, au hutupwa. Na chumba hakiuzwi mpaka kitazamwe tena. Ni kazi ya siku kadhaa, na siku hizo chumba hakiingizi kitu. Mwenye gesti alipiga hesabu hiyo, akaona hasara aibebe mamangu.

Nilishuka chini. Kijana wa zamu alikuwa amejinyoosha kwenye kochi, akaamka kwa adabu. "Pole sana, mama. Vyumba vingine vimejaa. Naweza kukupa dawa mpulize." Akatoa kopo la dawa chini ya meza. Lilikuwa jepesi, limekaribia kwisha. Nikamwambia, mwanangu, mgonjwa hawezi kulala katika chumba kilichopulizwa sasa hivi, nirudishie pesa zangu niondoke. Akanionyesha kibao ukutani: pesa ikishalipwa hairudishwi. Akanieleza kwamba yeye hana ruhusa, na msimamizi hashiki simu usiku. Nilipiga mwenyewe, na kweli hakushika. Tukakaa kwenye viti vya plastiki pale chini hadi adhana ya alfajiri, na mama akaenda kliniki bila kufumba jicho tena.

Kijana yule msimguse. Nalisema hili mapema kwa sababu nawajua waajiri wetu. Barua ikishasomwa, wa kwanza kufukuzwa ni wa chini kabisa. Yeye ndiye mpokeaji wageni, ndiye mfagiaji, ndiye mlinzi wa usiku, na asubuhi nilimwona akipandisha mitungi ya wateja wengine begani. Aliniomba radhi zaidi ya mara moja kwa jambo asilokuwa na uwezo nalo. Waulizwe waliomwacha peke yake na kopo tupu.

Kuna jingine ambalo mama hakuliona, nami sikumwambia. Chumba kilikuwa na fukuto lisilosemeka. Ilikuwa kaskazi, na mnajua jasho la miezi ile. Jengo lenyewe ni la zamani, lilijengwa na watu walioielewa hali ya hewa yao: dari iko juu, kuta ni nene, madirisha marefu yanaelekea upepo. Lakini chumba kimoja kimegawanywa kwa plaiwudi vikawa vitatu, na kipande chetu kiliangukia upande usio na dirisha ila kijitundu cha nondo kinachotazama ukuta. Feni ilikuwapo, na stima ilikatika usiku. Basi nikatoka kutafuta hewa, nikaenda hadi mwisho wa korido. Pale kuna mlango wa chuma wenye maandishi mekundu ya kuonyesha njia ya dharura. Umefungwa kwa mnyororo na kufuli, na mbele yake yamerundikwa magodoro makuukuu hadi kifuani. Kizima moto kilikuwa kimetundikwa karibu na ngazi, na kadi yake ya ukaguzi ilikuwa haina tarehe hata moja.

Magodoro makavu, plaiwudi, nyaya za stima zilizounganishwa juu juu kila kipande cha chumba kipate taa yake, ngazi moja ya mbao, na juu watu wamelala wamejifungia kwa ndani. Mwaka 2001 katika shule ya Kyanguli huko Machakos walikufa kwa moto wanafunzi 67 bwenini; mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Nchi nzima ililia. Bweni lina walimu, lina wazazi wanaouliza maswali siku ya kuwatembelea watoto. Korido ya gesti haina mzazi. Wageni wa leo hawajuani na wa jana, na wa kesho hawajafika, kwa hiyo kufuli lile linaweza kukaa pale miaka bila mtu kulipigia kelele. Nawaomba wakuu wa zimamoto mlichukue hili kabla ya mengine yote. Kunguni watamnyima mtu usingizi. Kufuli lile litamnyima uhai.

Na kile kitabu cha wageni. Kipo wazi juu ya meza, kalamu imefungwa kwa uzi. Nilipokuwa nikiandika jina langu nilisoma bila kutaka majina ya wanawake walionitangulia, nambari zao za kitambulisho, nambari zao za simu, na vyumba walivyomo. Kila mpita njia anaweza kuyasoma. Sheria ya Kulinda Data ipo tangu 2019. Kitabu hicho kifungwe.

Nimetaja sheria, basi niziseme na nyingine, kwa maana nikizungumza na watu wa mezani huambiwa niende na kifungu. Katiba ya 2010, Kifungu cha 46, inampa mteja haki ya huduma yenye ubora unaostahili, ya kupewa habari anazohitaji, ya kulindwa afya na usalama wake, na ya kulipwa fidia akipata hasara au madhara kwa sababu ya huduma mbovu. Kifungu cha 43 kinataja maji safi na salama ya kutosha. Kibao cha "pesa hairudishwi" hakiwezi kusimama mbele ya vifungu hivyo. Jedwali la Nne la Katiba hiyo hiyo limezipa kaunti leseni za biashara, utalii wa mashinani, afya na huduma za zimamoto. Sheria ya Utalii ya 2011 ndiyo iliyoiunda Mamlaka ya Kudhibiti Utalii. Nyota mnazozigawa, kuanzia moja hadi tano, zinamsaidia anayechagua baina ya hoteli kubwa. Walio chini ya nyota ya kwanza ndio wengi wa wasafiri wa nchi hii, na hao wanahitaji alama yao, ya kuwaambia tu kwamba chumba hiki kimetazamwa.

Mtu asiniambie haiwezekani kwa bei ile. Usiku uliofuata jamaa walitupeleka Mji wa Kale, kwenye nyumba ya mama mmoja anayelaza wageni katika vyumba vichache vya ghorofani. Alituchukulia shilingi 1,500. Choo ni cha kushirikiana, mlango wa chumba ni wa zamani na hulia ukiufungua, na vitanda ni vya mbao visivyokuwa na urembo wowote. Kabla hatujatoa hata senti alituingiza chumbani, akakunja shuka, akainua godoro kwa mikono yake miwili, akatuonyesha mishono pande zote. "Tazama, mwanangu, uridhike. Mgonjwa halazwi kwa kubahatisha."

Nilikaa naye jikoni nikamuuliza anafanyaje. Koridoni kwake kuna pipa kubwa la lita 200, limefunikwa, na kata imetundikwa juu yake. Siku ya maji analijaza yeye na mjukuu wake; wiki ambayo mfereji hautoi hununua kwa mkokoteni, na gharama hiyo ameshaitia kwenye bei ya chumba, hamdai mgeni mtungi. Shuka huchemshwa kwenye sufuria kubwa ya pilau aliyoiweka kwa kazi hiyo tu, kisha huanikwa darini. Kila godoro limevalishwa mfuko wa nailoni wenye zipu chini ya shuka. Mgeni akiondoka, chaga za kitanda hupitiwa na tochi. Komeo la kila mlango alilitia fundi wa mtaani. Madirisha yana mbao za kupitisha hewa, kwa hiyo stima ilipokatika upepo wa bahari uliingia na mama hakugutuka. Hana elimu ya hoteli yule bibi. Ana tochi, sufuria na aibu ya kumpa mgeni kitu ambacho yeye mwenyewe hawezi kukilalia.

Nilichokiona kwake kikanichoma zaidi ni kwamba yeye naye ana leseni, na kwa macho ya mgeni karatasi zile mbili ni sawa. Anayefanya kazi usiku na mchana ili chumba kiwe safi na anayepulizia dawa akauza chumba kilekile jioni yake, wote wawili wametundika muhuri. Msafiri aliyesimama mlangoni na begi na mgonjwa hana njia ya kuwatofautisha. Na bibi yule anapoteza wateja, kwa sababu wa pili ana picha nzuri za kwenye simu.

Kwa hiyo ninawaomba haya. Ukaguzi wa gesti ufanyike juu, vyumbani, si mezani. Mkaguzi achague vyumba yeye mwenyewe, bila kutangaza siku, na mara nyingine aje usiku, kwa maana gesti ni biashara ya usiku. Ainue godoro. Afungue bomba, na likiwa kavu aulize tangi liko wapi. Ausukume mlango wa dharura kwa mkono wake aone kama unafunguka. Kisha atakachokiona kiandikwe kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, kibandikwe kando ya leseni pamoja na tarehe, mgeni asome kabla ya kulipa. Karatasi hiyo moja itamsaidia yule bibi kuliko semina zote, na itamlazimisha yule mwingine kununua tangi.

Bei ibandikwe pamoja na kilichomo: maji yapo saa ngapi, ni ya mfereji au ya kisima, feni ipo, dirisha lipo. Pasiwe na malipo ya mbele kwa chumba ambacho mgeni hajakiona. Chumba kikikosa maji au kikiwa na kunguni, pesa zirudishwe papo hapo, na kijana wa zamu apewe ruhusa hiyo kwa maandishi ili asisimame katikati ya mgeni na msimamizi asiyeshika simu. Na kuwe na nambari moja ya malalamiko inayopokewa usiku. Malalamiko ya saa nane za usiku yakisubiri ofisi ifunguliwe, mgeni ameshapanda basi.

La wagonjwa lina uzito wake peke yake. Watu wa Lamu, Tana River, Taita Taveta, Kwale na Kilifi wanakuja Mombasa kutibiwa kwa sababu huko kwetu matibabu mengine hayapo. Kaunti zetu sita zimeungana chini ya Jumuiya ya Kaunti za Pwani, na viongozi wetu hukutana humo. Basi wakae waone namna ya kujenga nyumba ya kulala jamaa za wagonjwa karibu na hospitali, vitanda vya kawaida, maji, jiko la kushirikiana, kila kaunti itoe sehemu yake. Mpaka nyumba hiyo isimame, hospitali zipewe orodha ya gesti zilizokaguliwa, ibandikwe getini na kwenye dawati la kliniki, ili mtu aliyetoka Hola usiku asiokote chumba gizani.

Wenye gesti, nanyi mnisikilize. Mei 2014, Uingereza ilipowaonya raia wake na kampuni za utalii zikawaondoa wateja wao kwa ndege kutoka Mombasa, hoteli kadhaa za ufuoni zilifunga milango na vijana wengi wakarudi nyumbani bila kazi. Mwaka 2020 korona ikaleta ukimya mwingine. Mara zote mbili aliyewashika mkono alikuwa mgeni wa ndani, wa basi na wa treni, mwenye pesa kidogo alizozihesabu. Huyo hakatizwi na onyo la ubalozi. Lakini akiumwa na kunguni mama yake akiwa mgonjwa, atawaambia mtaa mzima, na mtaa mzima utalala kwa jamaa, sakafuni, kuliko kuja kwenu. Mfuko wa godoro, komeo na pipa havijamfilisi bibi wa Mji wa Kale anayetoza chini ya mnavyotoza nyinyi.

Kliniki ya mama inaendelea, kwa hiyo tutarudi Mombasa. Malalamiko yenye jina la gesti, tarehe, risiti ya malipo na picha za ule mlango wenye kufuli nitayapeleka kwa maandishi kwa afisi zinazohusika, na nakala nitabaki nayo. Ninachotaka nijibiwe hapa hadharani ni mambo mawili tu: ni lini minyororo itakatwa kwenye milango ya dharura ya gesti zote za kisiwani, na ni wapi nitaisoma orodha ya vyumba vilivyokaguliwa kabla sijamkatia mama tiketi ya basi.

Wenu,
Binti wa mgonjwa, Lamu